Kutoka Shinkolobwe mpaka Oak Ridge: historia ya kuhesabu joto kali



Kuna sentensi moja inarudi kila mara tukikutana wenye lisanse wawili watatu, iwe Bukavu kwenye chai, iwe huku tukingoja ndege ndogo: "Kongo inatoa mawe, wengine wanatoa akili." Mmoja anaisema, wengine wanatikisa kichwa, kisha tunabadilisha mazungumzo. Leo nataka tuichukue hiyo sentensi tuipime kwa historia moja tu: namna binadamu alivyojifunza kuhesabu joto kali sana, joto ambalo hakuna kipimo unaweza kuingiza ndani yake kikarudi kizima. Nimechagua historia hii juu inatugusa kupita vile tunafikiri. Inaanzia katika udongo wa Kongo, na mpaka leo haijatoka humo kabisa.

Mimi ni mtu wa agronomia, si wa fizikia. Pale inawezekana nitasema mambo kwa lugha ya shamba, na wenye fizikia watanivumilia.

1. Ngazi ya joto

Tupande kwanza ngazi. Maji Bukavu yanachemka kwa digrii 95 hivi, si 100, juu ya mwinuko wa mji. Bati, ile inatoka katika kasiterite ya Shabunda, inayeyuka kwa digrii 232. Dhahabu inataka 1,064, chuma 1,538. Tantali, metali iliyo ndani ya koltani, haiyeyuki mpaka 3,017. Hapo moto wa fundi wetu wa mkaa umeshindwa zamani. Uso wa jua uko karibu na 5,500. Katikati ya jua ni kama milioni 15. Bomu ya hidrojeni ikilipuka, ndani yake ni makumi ya milioni na kupita. Juu kabisa ya ngazi kuna joto la mwanzo wa ulimwengu, karibu milioni mbili mara milioni, pale hata vitu vinavyojenga kiini cha atomi vinaachana.

Sasa swali: mtu anajuaje mambo ya huko juu? Chombo chochote utakachotuma kinageuka mvuke mbele ya kukuletea jibu. Unaweza kutazama mwanga kutoka mbali, na hiyo inasaidia. Lakini ukitaka kujua mata inafanya nini ndani, hatua kwa hatua, inabaki njia moja: uandike sheria za asili kwa hesabu, uigize jambo lenyewe kwenye karatasi au kwenye mashine, kisha ulinganishe na kile kidogo kinachoweza kupimwa. Kuiga huko ndiko wanaita simulasio. Na simulasio za joto kali zilizaliwa kutokana na jiwe letu.

2. Jiwe

Mwaka wa 1915, si mbali na mji tunaouita leo Likasi, katika Katanga, yalionekana mawe ya uraniumu mahali panaitwa Shinkolobwe. Kampuni ya Union Minière iliyachimba, na kuanzia 1922 yalisafishwa Olen, Ubelgiji, kwa kutafuta radiumu ya hospitali. Uraniumu yenyewe wakati ule haikuwa na maana kubwa. Mwisho wa 1938, Ujerumani, wataalamu waligundua kwamba kiini cha uraniumu kinaweza kupasuka. Kuanzia hapo kila kitu kiligeuka.

Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alielewa mapema. Mwaka wa 1940 alipeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo mpaka New York, yakawekwa katika depo ya Staten Island. Tarehe 18 Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aliingia katika ofisi ya Sengier kuuliza uraniumu. Mazungumzo hayakuwa marefu, juu mali ilikuwa tayari mjini. Na ilikuwa mali ya namna yake: katika migodi mingine watu walifurahia mawe yenye uraniumu chini ya moja kwa mia, lakini mawe ya Shinkolobwe yalifika mpaka 65 kwa mia. Sehemu kubwa ya uraniumu ya mradi wa bomu la Marekani ilitoka Kongo. Waliochimba walikuwa Wakongo chini ya utawala wa Wabelgiji, na hakuna aliyewaambia mawe yanakwenda kufanya nini. Uraniumu ilichujwa katika mji uliojengwa kwa siri, Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Shikeni hilo jina, tutalirudia. Tarehe 6 Agosti 1945 ilianguka Hiroshima. Mpaka mwisho wa mwaka ule, inakadiriwa watu 140,000 walikuwa wamekufa.

Hii sehemu wengi wetu tunaijua, hata kama shuleni hawakutufundisha sana. Sehemu inayofuata ndiyo hatuisemi.

3. Chumba cha hesabu

Jiwe peke yake halikuwa bomu. Huko Los Alamos, milimani New Mexico, wataalamu walikuwa na shida: kwa bomu la plutoniumu, metali ilipaswa kubanwa kutoka pande zote kwa muda mdogo kupita kufumba jicho. Joto na mgandamizo wa ndani havikuweza kupimwa. Kujaribu ovyo pia haikuwezekana, juu plutoniumu ilikuwa haba. Kwa hiyo walihesabu.

Namna yao ni rahisi kuelewa, lakini inachosha kuifanya. Wagawe ule mpira katika maganda membamba, kama kitunguu. Wagawe muda katika vipande vidogo sana. Kwa kila kipande cha muda, kila ganda linasukuma jirani yake: andika limesogea wapi, limepata joto gani. Rudia. Rudia tena maelfu ya mara. Mwanzoni kazi hii ilifanywa na watu wenye mashine ndogo za mezani, wengi wao wanawake, wengine wake za wataalamu wenyewe. Mwaka wa 1944 zilifika mashine za IBM za kadi zenye matundu. Aliyewekwa kuongoza kikundi hicho cha mashine ni Richard Feynman, hajafika miaka 27.

Kisha ikaja ENIAC, katika chuo cha Pennsylvania, Philadelphia: taa za elektroniki karibu 18,000, uzito wa tani kama 27, kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde moja. Dunia iliionyeshwa Februari 1946. Lakini kazi yake ya kwanza ya kweli ilikuwa imekwisha kuanza kwa siri Desemba 1945. John von Neumann alishauri, na vijana wawili wa Los Alamos, Nicholas Metropolis na Stanley Frankel, waliileta: kuhesabu kama bomu ya hidrojeni inaweza kuwaka. Ni kusema kazi ya kwanza kubwa ya kompyuta ya elektroniki ya Marekani ilikuwa simulasio ya mata kwenye joto la mamilioni ya digrii. Waliopanga nyaya za ENIAC ili ifanye hesabu walikuwa wanawake sita, wengi na miaka ishirini na kitu. Mmoja wao, Betty Jennings, alikuwa ametoka tu kumaliza chuo. Kama ninyi mnaosoma hapa.

4. Fremu ya agronomu

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi, mtu wa shamba, lilinishangaza kupita yote.

Mwaka wa 1946 Stanislaw Ulam, mtaalamu wa hesabu mwenye asili ya Polandi, alikuwa anapona ugonjwa na kucheza karata peke yake. Akajiuliza: mchezo huu unakubali mara ngapi? Kuhesabu mipango yote ya karata ni kazi isiyoisha. Akafikiri: badala ya kuhesabu yote, nicheze mara mia, nihesabu nimeshinda mara ngapi. Alipomwambia von Neumann, waliona kwamba njia hiyo inaweza kufuata chembe za neutroni ndani ya bomu: hauzifuati zote, unafuata chache ulizochagua kwa bahati nasibu, kisha unakadiria. Waliipa jina Monte Carlo, mji wa kasino. Mwaka wa 1948 ENIAC iliifanya, na aliyeandika sehemu kubwa ya maagizo ya mashine ni Klára von Neumann.

Wenzangu wa agronomia mnacheka, najua. Hii ni ile fremu yetu! Ukitaka kujua shamba la maharagwe litatoa kilo ngapi, hauvuni shamba lote. Unatupa fremu ya mita moja bila kuchagua mahali, unavuna pale imeangukia, unapima, unatupa tena. Fremu kumi zinakupa picha. Fremu mia zinakupa picha nzuri zaidi. Wanafizikia walitupa fremu ndani ya moto.

Mwaka wa 1953 Metropolis alitoa andiko pamoja na Arianna na Marshall Rosenbluth, na Augusta na Edward Teller, na njia yao inatumika mpaka leo. Mfano wangu ni mbuzi kwenye mlima. Mbuzi akishuka, mruhusu kila mara. Akitaka kupanda, mruhusu mara moja moja tu, na hiyo mara inategemea joto. Joto likiwa dogo, karibu hapandi, anakaa bondeni: mata imeganda. Joto likiwa kubwa, anapanda na kushuka popote: mata imeyeyuka. Wewe unahesabu tu mahali mbuzi anapitisha siku zake. Kwa kanuni ndogo hiyo unaweza kuuliza kompyuta kitu kinayeyuka wapi, bila kuwasha moto.

5. Na sisi tulikuwa wapi?

Hapa ndipo ile sentensi ya "mawe na akili" inapaswa kujibiwa vizuri.

Mwaka wa 1954 chuo cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mkubwa wake, Monseigneur Luc Gillon, alikuwa padri na pia mwanafizikia. Mwaka wa 1959, mwaka mmoja mbele ya uhuru, Lovanium iliwasha reakta ya nyuklia, TRICO, ya kwanza katika Afrika yote. Isomeni tena: ya kwanza katika Afrika yote. Mwaka wa 1972 ilifuata nyingine yenye nguvu zaidi, ya megawati moja. Kwa hiyo si kweli kwamba tulikuwa na mawe tu. Tulikuwa na mawe, na chombo, na chuo.

Kilichokosekana ni mnyororo wa watu. Wakati wa uhuru Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wachache sana, wa kuhesabika. Wabelgiji walifundisha makarani, wauguzi, mafundi, lakini mlango wa juu waliuchelewesha kwa makusudi. Kisha sisi wenyewe, miaka ya Zaire, tuliacha vyuo vikose vitabu, vyombo na mishahara. Reakta ya pili ilisimama mwaka wa 2004. Mwaka ule ule rais alitia sahihi amri ya kufunga Shinkolobwe kwa wachimbaji wa mikono. Jiwe likafungwa, na chombo kikazimika, karibu kwa pamoja.

Huku mashariki tulikuwa na historia yetu. Mwaka wa 1976 makampuni ya bati ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka wa 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na wazee wa Shabunda wanakumbuka vile mambo yalilegea kuanzia hapo. Mwisho wa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kama moshi, watu wakaacha mashamba, mihogo ikazeeka ardhini. Mwaka wa 2001 ilianguka. Kila mara uamuzi ulifanyika mahali ambapo hakuna mtu wetu anakaa.

6. Moto bila kulipua

Turudi kwa wenye mashine. Marekani ililipua jaribio lake la mwisho la nyuklia Septemba 1992. Septemba 1996 mkataba wa kukataza majaribio yote ulifunguliwa kwa sahihi. Lakini mabomu yalibaki gala, na wenyewe walitaka kujua kama bado yanafanya kazi. Jibu likawa lile lile la 1945: kuhesabu. Serikali ilimwaga pesa kwenye kompyuta kubwa. ASCI Red, katika maabara ya Sandia, ikawa ya kwanza kufanya hesabu milioni mara milioni kwa sekunde. Mwaka wa 2008 Roadrunner ya Los Alamos ilizidisha hiyo mara elfu. Mwaka wa 2022 Frontier ilizidisha mara elfu tena. Na Frontier iko wapi? Oak Ridge. Mji ule ule uliochuja uraniumu ya Shinkolobwe.

Frontier inakula umeme wa megawati 20 na zaidi. Ruzizi ya kwanza, inayowashia Bukavu taa, ilijengwa kutoa karibu 30. Mashine moja, katika jengo moja, ingetuachia kidogo sana.

Lakini tuwe wa haki: mashine hizi hazikubaki kwa mabomu tu. Mwaka wa 2006 kikundi cha Ulaya, pamoja na Zoltán Fodor, kilitumia simulasio kujua mata inafanya nini kwenye joto lile la mwanzo wa ulimwengu. Watu wengi walidhani kuna ruka moja kali, kama barafu inavyogeuka maji kwa digrii ileile. Hesabu ilisema hapana: inageuka pole pole, kama mafuta ya mawese yanavyolainika juani. Hatukuwepo siku ile ulimwengu ulipoanza, lakini tunajua ulilainika, haukuruka. Mashine za Brookhaven, Marekani, na CERN, Uswisi, zinagonganisha viini vya atomi ili kupata joto hilo kwa muda mdogo mno, na vipimo vyao vinalinganishwa na hesabu.

Na Desemba 2022, katika maabara ya Livermore, miale ya laser iligonga kidonge kidogo cha hidrojeni na kwa mara ya kwanza nguvu iliyotoka ilipita ile ya laser iliyoingia: megajuli 3.15 juu ya 2.05. Miaka na miaka ya simulasio ilitangulia mbele ya ile nukta moja ya sekunde.

7. Hesabu iliyotupa tantali nje

Sasa mfano wa mwisho, na naomba wa Shabunda wausome mara mbili.

Tangu mwaka 1930, Wajerumani wawili walipopima, mata yenye rekodi ya kuvumilia joto ilikuwa mchanganyiko wa tantali, hafniumu na kaboni: karibu digrii 3,940 mbele ya kuyeyuka. Tantali, dada wa koltani yetu, ilikaa kwenye kiti hicho miaka zaidi ya 80.

Mwaka wa 2015, katika chuo cha Brown, Marekani, Qi-Jun Hong na Axel van de Walle hawakuwasha tanuri yoyote. Walichukua kompyuta, wakaweka ndani yake kama atomi mia moja hivi, nusu zikiwa zimeganda na nusu zimeyeyuka, wakaacha sheria za atomi zifanye kazi. Mara nyingine zote zinaganda, mara nyingine zote zinayeyuka. Wakarudia mara nyingi na kuhesabu kama kura. Pale kura zinagawanyika nusu kwa nusu, ndipo joto la kuyeyuka. Walijaribu mapishi mbalimbali, na lililoshinda lilikuwa hafniumu, kaboni na azoti, azoti ileile tunayoinunua ndani ya mfuko wa ure. Joto: zaidi ya digrii 4,100. Tantali haimo.

Vipimo vilifuata. Mwaka wa 2016 Imperial College London walitangaza vipimo vya laser: kabidi ya tantali 3,768, kabidi ya hafniumu 3,958. Mwaka wa 2020 wataalamu wa chuo cha MISIS, Moscow, walitangaza kwamba wameitengeneza ile mata ya hafniumu, kaboni na azoti, na inapita digrii 4,000. Hesabu ilitangulia, tanuri ikafuata kuthibitisha.

Sisemi bei ya koltani ilishuka siku ile. Haikushuka. Soko kubwa la tantali ni vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta, pamoja na hizo kompyuta kubwa zenyewe, na bati inaunganisha nyaya zao. Jiwe likishayeyushwa halina tena jina la kijiji. Ninachosema ni hiki: vijana wawili wenye programu nzuri wanaweza kuuliza swali "tantali inahitajika kweli hapa?" na kupata jibu bila kusafiri, bila kununua hata gramu moja. Kesho wengine watauliza swali hilohilo juu ya vile vipande vya simu. Jibu likitoka "haihitajiki", huku Shabunda tutalisikia namna tulivyosikia mwaka 1985 na 2001: kwa bei kuanguka, bila mtu kutueleza juu ya nini.

8. Basi, ile sentensi?

Nusu yake ni kweli na nusu ni uvivu. Kweli, mawe yalitoka kwetu na hesabu ilifanyika kwingine. Lakini "akili" haikutoka damuni mwa watu. Ilitoka katika mpango: serikali iliyochukua vijana wa miaka 21, 25, 27, ikawapa meza, mashine, mshahara na swali gumu. Ubelgiji nayo ilikuwa na mawe yale yale mkononi, ikapata pesa. Aliyepata nguvu ya kudumu ni yule aliyelipa watu wahesabu. Jiwe huisha. Anayejua kuhesabu jiwe anabaki, hata akihamia jiwe lingine.

Najua mtu atasema: "Ndugu, Shabunda hata barabara haina, unatuletea atomi?" Ni neno la haki. Mimi mwenyewe kazi yangu ni vipando vya mihogo na mbegu za maharagwe, na barabara ningeitaka mbele ya atomi. Lakini tazameni kwamba ufundi ni uleule. Programu kama DSSAT inaiga shamba la mahindi: unaiambia udongo, mvua na mbegu, inakuhesabia mavuno ya miaka thelathini kwa dakika chache. Anayeelewa moja anaelewa mlango wa nyingine. Na mlango huo leo hauna kufuli ya pesa. LAMMPS, programu ya kuiga atomi iliyotoka maabara ya Sandia, ileile ya ASCI Red, inatolewa bure. Quantum ESPRESSO, yenye mizizi Italia, ni bure. Kompyuta ya kawaida ya mgongoni inaweza kuyeyusha kipande kidogo cha metali kwa usiku mmoja, umeme ukikubali.

Afrika nayo haijalala. Tangu 2010 kuna shule inayofundisha Waafrika hesabu hizi za atomi, ASESMA. Mwaka wa 2012 ilifanyika Eldoret, Kenya, si mbali sana na sisi. Cape Town kuna kituo cha kompyuta kubwa chenye mashine inaitwa Lengau, ya 2016, na Kongo ni mwanachama wa SADC sawa na Afrika Kusini.

Pendekezo langu kwa chama ni dogo. Tuna watu wa fizikia, wa hesabu, wa kemia, wa agronomia, wengi hawana kazi na wana kompyuta. Tuunde kikundi cha watu watano au sita, Bukavu, mara moja kwa juma. Mwezi wa kwanza tujifunze Linux. Wa pili, mbuzi wa Metropolis. Wa tatu, tuyeyushe bati kwenye skrini na kuona kama hesabu inatupa 232. Kisha tujaribu tantali, tuone tunakaribia 3,017 kiasi gani. Siyo kwa kutengeneza bomu, Mungu atuepushe, Hiroshima ilitosha. Ni kwa kuwa mtoto wa Shabunda anayebeba kilo thelathini za koltani kichwani, siku tano porini, awe na angalau ndugu mmoja mwenye diploma anayeweza kumweleza kilichomo ndani ya mfuko, kinatumika wapi, na nani anafanya hesabu ya kukiacha.

Mwenye fizikia aliye tayari kuongoza ile siku ya kwanza, ajitokeze. Mimi nitaleta fremu yangu ya mita moja.